Wimbo wa kienyeji una mwenyewe: kuzifahamu nyimbo za Kerala

Ukiingia sokoni katika jimbo la Kerala, kusini-magharibi mwa India, ukaulizia kuku, muuzaji atataka kujua kwanza: wa kisasa au wa nadan? Neno hilo linatokana na nadu, yaani nchi, eneo la watu fulani. Sisi tungesema tu kuku wa kienyeji. Yapo na mayai ya nadan, bei yake juu kidogo, na mnunuzi huyageuzageuza mkononi akishuku kama kweli ni ya kienyeji. Halafu ipo nadan pattu. Pattu ni wimbo.

Neno hilo ni mlango mzuri wa kuingilia, lakini pia linapotosha. Bibi yangu hakuwahi kufuga kuku wa kienyeji. Alifuga kuku. Uenyeji waliupata siku kuku wa kisasa walipoletwa, ndipo ikabidi hawa wa uani watafutiwe jina. Nyimbo za Kerala yalizikuta hayo hayo. Mwanamke aliyeinama shambani akipandikiza mpunga hakujua kwamba anaimba wimbo wa kienyeji. Aliimba njattu pattu, wimbo wa kupandikizia. Jirani yake aliimba wimbo wa nyoka, na huyu wa shambani asingeugusa hata kwa bahati mbaya, kwa sababu haukuwa wake. Jina moja la jumla lilishika nguvu baadaye, zama za redio, kaseti na majukwaa, likazitia zote ndani ya tenga moja.

Ndiyo maana anayezisikia leo kwenye simu huchanganyikiwa. Hii ni ya ibada, ile ni ya kazi, nyingine ni tenzi ya mashujaa, nyingine ni kasida ya Waislamu, na zote zimeandikiwa juu: nadan pattu. Kuzipambanua hakuhitaji ujuzi wa muziki. Ushike maswali matatu tu: wimbo huu una mwenyewe, naye ni nani? Unaimbwa wakati gani? Na mwimbaji anapewa nini?

Tuanzie matopeni. Kerala ni ukanda mwembamba uliobanwa kati ya bahari na safu ya milima ya Ghats. Jimbo lenyewe liliundwa tarehe 1 Novemba 1956 kwa kuunganisha sehemu zenye wasemaji wa Kimalayalam, lugha ambayo leo ina wasemaji zaidi ya milioni 30. Upepo ule ule tunaouita kusi ndio unaowaletea mvua kubwa kuanzia mwezi Juni, na mvua hiyo ndiyo iliyopanga maisha ya mpunga: kukuza miche kitaluni, kung'oa, kupandikiza, kupalilia, kuvuna. Katika bonde la Kuttanad majaruba yako chini ya usawa wa bahari, kwa hiyo kabla ya kupanda maji yalipaswa kutolewa. Kabla ya pampu yalitolewa kwa magurudumu ya mbao yaliyokanyagwa kwa miguu mchana na usiku, na wakanyagaji walikuwa na nyimbo zao.

Kupandikiza ilikuwa kazi ya wanawake. Walipanga mstari, migongo imepinda, miguu imezama topeni, wakachomeka mche baada ya mche huku wakirudi nyumanyuma. Mmoja wao ndiye manju: anatoa ubeti, wenziwe wanaupokea. Faida ya kwanza ya wimbo huo inaonekana kwa macho. Mapigo yanaiweka mikono pamoja, hakuna anayeachwa nyuma wala anayekimbia mbele akawafanya wengine waonekane wavivu. Faida ya pili haionekani. Juu ya tuta alisimama msimamizi wa mwenye shamba, na huwezi kumwambia msimamizi usoni kwamba una njaa na jua limeshatua. Lakini ubeti unaweza kusema habari za mtu fulani, wa zamani, mwenye njaa, aliyechwelewa na jua. Nani atamshtaki mtu wa zamani?

Wanawake hao wengi walikuwa Wapulaya na Waparaya, watu wa matabaka ya chini kabisa, tabaka lenyewe likiwa la kuzaliwa nalo, si la kupata wala kupoteza. Hawa hawakuwa vibarua tu. Kwa karne nyingi walikuwa watumwa wa ardhi, wakiuzwa na kukodishwa pamoja na mashamba. Utumwa huo ulipigwa marufuku katika ufalme wa Cochin mwaka 1854 na katika ufalme wa Travancore mwaka 1855, ila marufuku ya karatasini haikubadilisha mengi matopeni. Mpulaya alitakiwa kukaa umbali wa makumi ya hatua kutoka kwa Mbrahmani, mtu wa tabaka la juu kabisa la makuhani, ili asimtie unajisi, na alipopita njiani alipaswa kupaza sauti ili mkubwa ajue kwamba kuna mtu wa kukwepwa. Shule hazikumpokea. Ayyankali, kiongozi Mpulaya aliyezaliwa mwaka 1863, alianza mapambano mwaka 1893 kwa kupanda tu gari la ng'ombe na kulipitisha kwenye barabara ambazo watu wake walikatazwa, kisha miaka michache baada ya 1900 akawaongoza wafanyakazi wa mashamba kugoma mpaka watoto wao wakubaliwe shuleni.

Kwa hiyo wimbo wa shambani ulibeba mzigo ambao kwingineko hubebwa na kitabu. Mtu aliyelisema jambo hili waziwazi kuliko wote ni Poykayil Appachan, mhubiri aliyezaliwa mwaka 1879 katika familia ya Waparaya na kuanzisha jumuiya yake ya dini baada ya kuona kwamba hata makanisa yalikuwa yakiwatenga watu wa asili yake. Katika wimbo wake mmoja anasema kwamba anaziona historia za koo nyingi, lakini habari za ukoo wake haoni hata herufi moja. Waumini wake wanauimba mpaka leo. Mtu aliyenyimwa herufi aliamua kulalamikia ukosefu wa herufi kwa chombo pekee alichoachiwa, nacho ni koo lake la kuimbia.

Hapo inakuja ajabu moja. Kaskazini mwa Kerala, upande wa Kadathanad, wanawake hao hao wa matopeni walikuwa wakiimba tenzi za wababe wa upanga, watu wa majumba makubwa. Tenzi hizi huitwa Vadakkan Pattukal, Nyimbo za Kaskazini, na zinazunguka nyumba mbili hasa: Puthooram na Thacholi. Zilikuwa zama ambazo wakubwa wawili wakigombana hawakupigana wenyewe, bali kila mmoja alikodi mpiganaji wake, na hao wakodiwa wakauana hadharani kwa upanga. Pambano hilo liliitwa ankam. Aromal Chekavar wa Puthooram alikwenda kupigana na Aringodar. Chanthu, binamu yake na msaidizi wake, alikuwa amekwisha kununuliwa. Misumari ya upanga wa Aromal ikawekwa ya mbao badala ya chuma, upanga ukakatika katikati ya pambano. Aromal akashinda kwa kipande kilichobaki, kisha akalala kupumzika, na Chanthu akamchoma kwa kinara cha taa. Tangu hapo, kwa Kimalayalam, Chanthu ni jina la msaliti.

Unniyarcha, dada yake Aromal, ndiye anayependwa zaidi. Anataka kwenda kutazama maonyesho hekaluni, wakwe wanamkataza, anaondoka. Njiani kundi la wanaume linamzingira, na mumewe anaanza kutetemeka. Anamwambia: mimi mwanamke sitetemeki, wewe uliyezaliwa mwanamume unatetemeka nini? Kisha anafungua urumi, ule upanga mwembamba unaovaliwa kiunoni kama mkanda, na kazi inaanza.

Sasa mfikirie anayeimba maneno haya. Mwanamke asiye na upanga, asiye na ruhusa ya kupita barabara ya hekalu, yumo kwenye tope anamkariri mwanamke aliyeilazimisha njia impitishe. Wapo wanaoziita tenzi hizi sifa za mabwana wa zamani, na kweli sifa zimo. Mimi nadhani anayesoma maneno tu bila kuuliza yametoka kinywani mwa nani anapoteza nusu ya utenzi. Na ipo sababu ya kawaida kabisa pia: utenzi mrefu unamaliza jaruba zima. Mwaka 1989 mwandishi M. T. Vasudevan Nair alikiandikia sinema kisa cha Chanthu akakigeuza, msaliti akawa mtu aliyeonewa, na Mammootty akaigiza nafasi hiyo. Watu waliipokea kwa kishindo. Utenzi usio na mwandishi mmoja haukatai kujibiwa.

Ukipanda zaidi kaskazini, wilaya za Kannur na Kasaragod, wimbo unapata nguvu nyingine kabisa. Huko kuna Theyyam, ibada inayoanza mwishoni mwa Oktoba na kuendelea mpaka mvua za kusi zinapokaribia. Mtu wa tabaka la chini, Mvannan au Mmalayan kwa mfano, anapakwa rangi usoni, anavikwa taji kubwa, na anakuwa mungu mwenyewe. Kinachomwita mungu ni wimbo, thottam pattu, unaosimulia jinsi mungu huyo alivyozaliwa, alivyodhulumiwa au kuuawa, na alivyofika kijijini hapo. Habari nyingi ni za watu: mwanamke aliyesingiziwa, kijana aliyeuawa na wenye nguvu. Wimbo ukiisha kusomwa na taji likiisha kuvaliwa, mwenye shamba ambaye jana asingemkaribia mtu huyu sasa anainama mbele yake, anamweleza shida zake na kuomba baraka.

Katika Pottan Theyyam mzaha unafika mwisho wake. Shankara, mwanafalsafa mkubwa wa Kibrahmani, anakutana njiani na Mpulaya na kumwamuru apishe. Mpulaya hapishi, anahoji. Ukikatwa wewe, haitoki damu? Nikikatwa mimi, haitoki damu? Tofauti iko wapi hata tugombee njia? Mpulaya huyo, kwa mujibu wa wimbo, ni mungu Shiva aliyejigeuza. Mchezaji wa Pottan hujilaza juu ya kaa la moto mbele ya umati. Maneno ambayo mchana yangemletea kipigo, usiku huo yanasemwa na mungu, na hakuna wa kuyajibu. Lakini tusijidanganye: asubuhi taji likivuliwa, kila mtu alirudi alipokuwa. Wimbo ulifungua mlango kwa usiku mmoja, na kwa miaka mingi ulikuwa usiku mmoja tu.

Swali la malipo linatufikisha kwa Wapulluvan, waimbaji wa nyoka. Majumba ya kale ya Kerala yalikuwa na kichaka kilichoachwa bila kukatwa katika pembe ya kiwanja, makao ya nyoka wanaoheshimiwa, na ugumba au maradhi ya ngozi ndani ya nyumba yangeweza kuchukuliwa kuwa hasira yao. Dawa ilikuwa kumwita Mpulluvan na mkewe. Huja na zeze la uzi mmoja na mtungi wa udongo uliofungwa uzi unaonguruma. Uwanjani huchorwa nyoka waliosokotana kwa unga wa rangi tano: nyeupe ya mchele, njano ya manjano, nyeusi ya makapi yaliyochomwa, kijani ya majani makavu, na nyekundu inayopatikana kwa kuchanganya manjano na chokaa. Wanawake wa nyumba huketi hapo wakiwa wameshika mashada ya maua ya mpopoo, wimbo unaongezwa kasi, wanapandwa na roho za nyoka, wanajiburuta juu ya mchoro mpaka unafutika wote.

Wapulluvan hao hao walipita nyumba kwa nyumba wakiwaimbia watoto wimbo wa kuondoa naveru, dhara linalotokana na ulimi. Sisi tunaogopa jicho la hasidi. Huko wanaogopa pia mdomo unaosifu kupita kiasi. Jina la mtoto na nyota yake hutiwa ndani ya wimbo, na mwimbaji hupewa mchele, mafuta, pengine nguo. Wapanani, tabaka jingine la waimbaji, nao walikuwa na zamu yao katika mwezi wa Karkidakam, kati ya Julai na Agosti, mwezi wa mvua na njaa wakati akiba imekwisha na mavuno mapya bado. Walifika usiku wa manane kuwaamsha wenye nyumba kwa wimbo wa kuita heri. Hii haikuwa sadaka. Ilikuwa haki ya urithi: familia fulani ina nyumba zake, na Mpanani mwingine haingilii. Ndipo unapoona uzito wa kusema wimbo una mwenyewe.

Waislamu wa Malabar, yaani kaskazini mwa Kerala, wanaoitwa Wamappila, wana hazina yao, na hapa msomaji wa pwani yetu atajikuta nyumbani. Wao waliandika Kimalayalam kwa herufi za Kiarabu, kama mababu zetu walivyoandika tenzi za Kiswahili. Mwaka 1607 Kadhi Muhammad wa Kozhikode, mji ambao Wareno waliufikia mwaka 1498 wakiongozwa na rubani waliyempata Malindi, alitunga Muhyiddin Mala, shada la sifa za Sheikh Abdul Qadir Jilani. Ni sheikh yule yule anayetajwa katika zikri za Kadiria za Unguja na Bagamoyo. Mala hii ilisomwa majumbani jioni, na wanawake wengi waliihifadhi kwa moyo. Kuna Nafeesath Mala pia, inayosomwa ili mzazi ajifungue salama. Harusini kuna oppana, bibi harusi ameketi katikati na wanawake wanamzunguka wakipiga makofi. Moyinkutty Vaidyar wa Kondotty alitunga utenzi wake wa mapenzi wa Badarul Muneer na Husnul Jamal mwaka 1872 akiwa na miaka 20, na mpaka leo hakuna mashindano ya nyimbo hizi yasiyomtaja.

Wakristo wanaojinasibu na Mtume Tomaso wana margamkali, ngoma ya watu 12 wakizunguka taa. Wayahudi wa Cochin walikuwa na nyimbo zao za Kimalayalam zilizoandikwa na kutunzwa na wanawake katika madaftari. Wengi wao walihamia Israeli katika miaka ya 1950, na madaftari yakasafiri nao.

Basi nini kilitokea mpaka zote zikawa za kienyeji? Kwanza siasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 vikundi vya maigizo vya mrengo wa kushoto, KPAC kikiwa mashuhuri kuliko vyote, vilichukua mahadhi ya mashambani vikayatia maneno ya ukombozi, na nyimbo hizo zilisaidia kuandaa njia ya serikali ya Wakomunisti iliyochaguliwa kwa kura mwaka 1957. Umwinyi wa ardhi ulifutwa kisheria tarehe 1 Januari 1970. Halafu mpunga wenyewe ukapungua. Katikati ya miaka ya 1970 Kerala ililima karibu hekta 880,000 za mpunga. Siku hizi ni karibu robo yake, mashamba mengine yamejengwa nyumba na mengine yamepandwa mpira. Panapopandikizwa kwa mkono, mara nyingi wapandaji ni vibarua kutoka Bengal na Assam, ambao kama wana nyimbo si za Kimalayalam. Wimbo wa kazi haukufa kwa kusahauliwa. Kazi ndiyo iliyoondoka.

Ukahamia jukwaani. Tamasha la sanaa la shule za Kerala lililoanza mwaka 1957 limekuwa bahari ya mashindano, na vijana hushindania oppana, margamkali, nyimbo za mashua na nadan pattu mbele ya majaji wenye karatasi za alama. Margamkali iliyokuwa ya wanaume sasa huchezwa zaidi na wasichana. Wapo wanaonung'unika kwamba mtoto wa mjini asiyewahi kukanyaga tope anaimba njattu pattu kwa sare iliyopigwa pasi. Manung'uniko yana haki yake. Lakini mtoto wa Mpulaya aliyeshinda pale anapewa makofi kwa wimbo ambao nyanya yake aliuimba akitukanwa, na hilo sioni jinsi ya kulidharau.

Aliyeipa nadan pattu sura mpya ni Kalabhavan Mani, mzaliwa wa Chalakudy mwaka 1971, kijana wa familia ya Kidalit, yaani ya matabaka yaliyotengwa, aliyewahi kuendesha bajaji kabla ya kuwa mwigizaji. Kaseti zake za nadan pattu zilisikika kwenye mabasi, harusini na vilabuni vya tembo la mnazi. Nyingi zilitungwa upya, si za kale, na wataalamu wa mambo ya asili walikunja uso. Wasikilizaji hawakujali. Alipofariki Machi 2016, nyimbo zake zilikwisha kuwa za kila mtu, na pengine ndiyo njia ambayo wimbo wowote huingia katika kienyeji.

Hata uhamiaji ulizaa wimbo wake. Miaka ya 1970 wanaume wa Malabar walipomiminika Ghuba, S. A. Jameel alitunga wimbo wa barua: mke anamwandikia mume aliyeko Dubai, anaeleza upweke wake bila kuficha hamu ya mwili, na baadaye ukafuata wimbo wa majibu ya mume. Barua zilizoimbwa zilikuwepo kabla, katika mapokeo ya Wamappila. Yeye aliipeleka barua hiyo kwenye anwani mpya. Yeyote aliyewahi kuwa na ndugu Maskati au Dubai anajua kwa nini kaseti hizo ziliwaliza watu.

Ziko nyimbo ambazo hazijaacha kazi yake. Mtoni Pampa, pale Aranmula, mashua ndefu zenye tezi iliyoinuka juu kama kichwa cha nyoka huja hekaluni zikiwa na wapiga makasia kwa makumi, wakiimba vanchipattu, nyimbo za mashua, kwa mwendo wa taratibu, si kama kule Alappuzha kwenye mashindano ya mashua ya kombe la Nehru yaliyoanza mwaka 1952, ambako wimbo hukimbizana na kasia. Mtu aliyeweka nadhiri huwaandalia wapiga makasia chakula kwenye majani ya mgomba, aina zaidi ya 60: wali, kachumbari za maembe na ndimu, ndizi za kukaanga, mtindi, uji mtamu wa sukari guru uitwao payasamu. Wageni hawaombi kwa mkono wala kwa kuita mwandaaji. Wanakiomba kila chakula kwa beti za kuimba, kimoja kimoja, na vingine wanavibuni papo hapo ili wamtahayarishe mwenyeji. Mwenyeji haruhusiwi kusema hakipo. Jikoni watu wanakimbia.